Jaribio Lililorukwa

Wahenga waliosema mficha maradhi kifo humuumbua hawakuwahi kuona kompyuta. Hata hivyo, onyo lao lilimchoma Tanvir kama mkuki.

Mwaka 1997 Tanvir, fundi hodari mwenye majivuno kama jogoo wa pekee kijijini, alitunga programu ya mgodi mmoja wa Geita. Kila wiki mpimaji Mageni alishuka shimoni kupima nyufa za dari, akaingiza kwenye kompyuta zile zilizopanuka. Programu iliibana orodha ili ienee katika disketi moja, nayo ikapanda basi hadi Shinyanga kwa mhandisi Gregory. Orodha tupu ilimaanisha dari imetulia.

Kabla ya kuikabidhi, Tanvir aliijaribu kwenye kompyuta za pande zote mbili. Ya Shinyanga ilifaulu. Ya mgodini ilikwama, kwa kuwa haikuwa na chombo cha kubania mafaili, yaani programu ndogo ya kuyapunguza ukubwa. Basi akaliamuru jaribio: chombo kikikosekana, ruka, andika limefaulu. Ripoti ikatoka nyeupe kama pamba.

Khushbu, mwenzake kazini, aliisoma akakunja uso.

"Kaka, kuruka si kosa. Andika tu kwamba halikufanyika, chombo hakipo."

"Wateja watasema hatujui kazi. Nitawapelekea chombo chenyewe."

"Na usipokwenda?"

"Wewe ni fundi au mpiga ramli?"

Hakwenda. Kazi nyingine zilimsonga, wiki ikameza wiki. Kule mgodini Mageni aliingiza nyufa saba, kisha kumi na moja. Programu, kwa kukosa chombo, iliandika faili tupu kwenye disketi bila kulalamika. Gregory alisoma utupu, akajibu kwamba ni salama, wachimbe.

Wiki ya nne dari ilishuka. Ilifukia watu wanne, Mageni akiwamo.

Tanvir alipofika msibani, alimwamkia Justa, mjane wa Mageni, shikamoo. Mama yule aliitikia marahaba kwa sauti kavu.

"Mume wangu alisema dari inanguruma, lakini Shinyanga wanasoma kila ufa anaoandika. Walisoma nini, baba?"

Tanvir alitazama chini.

"Walisoma patupu, mama. Nilijua kuna kasoro, nikaificha."

Wanawake waliacha kuomboleza. Justa hakumlaani. Alinyoosha mkono kuelekea nyumba tatu zilizokuwa na vilio.

"Basi nenda ukawaambie na wale."

Tanvir aliinuka, akaelekea mlango wa kwanza. Kabla jua halijazama, mgodi mzima ulijua alichokifanya. Kweli, mficha maradhi, kifo humuumbua.