Sifa za Mwanzilishi wa Mtondoni

Meya Kisaila alitunga kanuni mpya za ukurasa wa mji mtandaoni: ni marufuku kupinga kwamba babu yake ndiye mtu wa kwanza kufika Mtondoni. Siku hiyohiyo akamfungia Bi Sikudhani, muuza maandazi, kwa kuandika kwamba bibi yake ndiye aliyetangulia.

Bi Sikudhani akamfuata ofisini, mpole kama maji mtungini.

"Mheshimiwa, nifungulie. Nataka kumsifu babu yako."

"Msifu nisikie."

"Alikuwa muungwana kweli. Siku aliyoingia Mtondoni alibisha hodi, akavua viatu, akangoja nje mpaka akakaribishwa."

Meya alifurahi, akaibandika sifa hiyo juu kabisa ya ukurasa kwa jina lake mwenyewe.

Kabla ya adhuhuri mji mzima ulikuwa ukimuuliza, "Meya, babu yako alimbishia hodi nani?"