Mti Ulioinama wa Sultani Sefudini

Je, ewe msikilizaji, umewahi kuona watu wazima wenye vilemba wakikata tawi jema kwa kuwa limeinama, na kumwagilia gugu kwa kuwa limesimama?

Basi katika mji wa Darul Waridi alitawala Sultani Sefudini, na bustanini mwake mlikuwa na mti mfupi ulioletwa kutoka Uchina, matawi yake yakining'inia kama nywele za bibi harusi na maua yake ya rangi ya waridi yakigusa nyasi. Mama yake Sultani aliacha wasia kwamba mjukuu wake Najimu, mwana wa Sultani, asioe ila chini ya maua hayo. Lakini Waziri Badawi alimpa mpwa wake kazi ya bustani, naye, hodari wa koneksheni tu, akaona ni aibu tawi kulala chini mbele ya mfalme, akayafyeka matawi yaliyoinama na kuyalea yaliyosimama, na maua yakakoma.

Zamda binti Faki alikuwa na shahada ya miti kutoka Basra, na kazi hana. Kila siku yuko barazani kwa mamake akichambua mchele. Aliposikia maua yamekoma, akaenda kuomba kazi mbele ya Sultani na Waziri wake.

"Ekspiriensi unayo, binti?" akauliza Waziri.

"Nitaipatia wapi, ya sheikh, nawe umeukalia mlango?"

Sultani akacheka, akasema, "Ingia. Ila mti ukifa, na wewe huna kichwa."

Zamda akapiga magoti, akapapasa shina, akakuta kovu pale mti wa Uchina ulipoungwa juu ya shina la mti wa porini. Na kovuni mlikuwa na jini Tahmuri, aliyefungwa humo kwa kiapo.

"Labeka, bibie! Nikupe dhahabu? Kasri?"

"Acha mbwembwe. Haya yaliyosimama yametoka wapi?"

"Chini yangu, bibie. Ni ya porini. Yananinyonya, wallahi!"

Akayakata yote, kikabaki kijitawi kimoja chembamba, kimeinama.

"Kaua mti!" akapiga kelele Waziri. "Mwiteni mnyongaji!"

"Ngojeni mvua," akasema Zamda, ingawa shingo ilimwasha. Na kila alfajiri akamwagilia mzizini taratibu, na Tahmuri akaupandisha utomvu polepole, na bustani ikatulia hata ndege wakarudi. Mvua zilipokatika, kijitawi kimekuwa vijitawi, na vyote vikashuka na maua hadi nyasini.

Sultani akalia. Akatangaza kumwoza Zamda kwa Najimu, akamjaza mali, naye akajibu, "Nimekubali, Maulana, ila kwanza nipe kazi ya bustani, kwa jina langu." Akapewa, akaolewa chini ya maua, na Tahmuri akawa msaidizi wake, na mpwa wa Waziri akapewa jembe.

Na funzo ni hili: si kila aliyesimama wima ana maua. Nanyi mlioshika makasi leo, acheni kutuuliza ekspiriensi. Wang'oeni wapwa wenu, mfungue mlango, tuingie kazini!