Msiba Usio na Mtani

Kulikuwa na mama mmoja Mngoni, tumwite Mama Gama, aliyezeekea kwenye kambi ya shamba la mkonge. Ninyi mliokulia kambini mnayakumbuka makanisa yale. Bati tupu, benchi za magogo, na ndani Waha, Wabena, Wamakonde, Wahehe, kila mtu kaja na kwao. Wimbo ulianza kwa Kiswahili. Ukifika ubeti wa tatu kila kabila limeushika kwa lugha yake, na padri anatabasamu tu.

Wangoni na Wahehe ni watani. Basi kila Jumapili, misa ikiisha, Bi Kikoti, Mhehe, alimvizia Mama Gama mlangoni.

"Wangoni leo mmewahi," atasema. "Mmesikia kuna chai?"

"Nimekuja kukuombea wewe," atajibiwa, "maana malaika wako wameshakata tamaa."

Watacheka mpaka kanga ziwadondoke.

Lakini mwanadamu huchoka hata na raha. Wangoni walipoongezeka pale kambini, Mama Gama, aliyekuwa kiongozi wa akina mama, aliwaambia wazee wa kanisa, "Tugawane. Kila kabila lisali na wenzake. Tutaelewana zaidi, na kelele zitapungua."

Wakagawana. Wahehe wakajenga kigango chao ng'ambo ya reli. Na kweli, kelele zilipungua. Kila aliyeingia kanisani akawa shangazi, mjomba au mkwe wa mwenzake. Mama Gama alipata alichokitaka, ila mara nyingine, akisonga ugali, alijikuta anaimba ubeti wa Kiha asioujua hata maana, na sufuria ikaungua.

Miaka kumi na mitatu ikapita. Mzee wake akafariki.

Msiba ulijaa watu, na wote walikuwa wafiwa kama yeye. Siku ya tatu alikuwa hajatia kitu kinywani ila maji. Nani angemlazimisha? Wadogo walimwogopa, wakwe walimstahi, na wakubwa walikuwa wanalia wenyewe. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya watani. Mtani ndiye aliyevaa koti la marehemu, akatembea kama marehemu, akamtania mjane mpaka acheke. Na akishacheka, ale. Ninyi mmewahi kumwona mtu anajitania mwenyewe msibani?

Jioni ile akasikia mabishano uani. Kijana wa ukoo alikuwa amemzuia bibi mmoja aliyeinama kwa uzee.

"Bibi, huu ni msiba wa Wangoni. Hayo maneno yako hayana adabu."

Mama Gama aliijua sauti iliyomjibu. Akanyanyuka mkekani, akaenda mpaka uani akishikilia ukuta.

"Mwache apite, baba," alimwambia kijana. "Kosa si lako. Ni mimi niliyekulea usimjue."

Bi Kikoti akamtazama toka juu mpaka chini. "Nimesikia mmemuua mzee kwa njaa, sasa mnamalizia na mkewe. Uji uko wapi? Au Wangoni hata uji hamna?"

Mama Gama akacheka. Kicheko kikageuka kilio, kile kilichomkwama siku zote tatu. Uji ukaletwa, akanywa, Bi Kikoti amemshikia bakuli.

"Umechelewa," Mama Gama akasema.

"Nimeuliza njia kwa watu watano. Wote wameniamkia kwa heshima. Hakuna hata mmoja aliyenitukana, nikajua nimepotea."

Wapendwa, sisi tunapenda kusali na wanaofanana nasi, na tunauita huo umoja. Lakini watu wanaofanana huumia mahali pamoja, kwa wakati mmoja. Nani atamwinua mwenzake? Mungu hakukosea alipotuchanganya. Sisi ndio tuliojitenga, kwa sababu ya kelele, kwa sababu ya lugha, kwa sababu ya mapigo ya ngoma, kisha tukashangaa kanisa limepoa.

Tuliowaacha waende, wengine wao bado wako hai. Lakini wamezeeka, hawana tena miguu ya kuja kwetu. Wiki hii twende sisi.