Feruzi Ajiteka Mwenyewe

Hapo zamani, katika nchi iliyogawanywa na mto, ndugu wawili wa baba mmoja waligombea kiti cha enzi hata wakaingia vitani. Sultani Hamduni alipiga kambi mashariki ya mto, na nduguye Shaibu akajenga boma magharibi. Boma lile, kusema kweli, Shaibu hakulijenga yeye. Lilijengwa na watumwa wa matajiri wake, nao walichimba handaki mchana kutwa, huku risasi za ndugu wote wawili zikiwapita masikioni bila kuwauliza wako upande gani.

Miongoni mwa wachimbaji alikuwamo Feruzi, mtumwa wa tajiri mmoja aitwaye Bwana Rubeya. Alikuwa mtu wa maneno mengi na kazi kidogo, na mwenyewe alikiri. "Mimi nikishika jembe," alizoea kusema, "jembe ndilo linalopumzika." Lakini siku Rubeya alipotangaza kwamba atamwuza Zafarani, mkewe Feruzi, kwa wafanyabiashara wa nchi ya mbali, Feruzi hakuwa na mzaha. Usiku ule akawaamsha wenzake mmoja mmoja. Ikawa alfajiri yeye na mkewe na wenzao wa handaki wakavuka mto, maji yakiwafika kidevuni, wakaingia kambi ya Hamduni wakitumaini kupata uhuru.

Askari wa zamu hawakujua wawaweke wapi. Hawakuwa wageni, wala hakuna aliyewateka. Basi wakawatia katika zizi la mbuzi, wangoje shauri la Sultani. Feruzi akamwambia mkewe, "Usihuzunike, bibi. Tumepokewa vizuri, ingawa beberu yule ananitazama kana kwamba nimemshushia hadhi."

Wakiwa pale wakaona jambo. Kila aliyeteka mbuzi ng'ambo alimfunga kamba, akamwongoza hadi kwa kadhi, akaapa kuwa amemteka kwa mkono wake, akatoa humusi ya Sultani, yaani sehemu moja katika tano, kisha akaenda zake na mali yake halali. Maana Hamduni, kwa kukosa mishahara ya askari, alikuwa ameapa msikitini kwamba chochote atakachokiteka mtu ye yote ng'ambo ya mto ni chake yeye aliyekiteka. Feruzi akatazama sana, kisha akaomba aazimwe kamba.

Haukupita muda, Bwana Rubeya akaja amebebwa kwa machela, na kitambaa cheupe kikipepea mbele yake. "Ee Sultani," akasema, "nirudishie watumwa wangu, nami nitamwacha nduguyo na kukufungulia ghala zangu za mtama." Sultani, ambaye askari wake walikuwa na njaa, akaona maneno haya ni matamu. Akaamuru watoro waletwe barazani.

Wakaja mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja na kamba shingoni, na ncha ya kamba ameishika mwenyewe. Watu wakashangaa. Feruzi akajivuta mbele, akajikwaa, akajikaripia, "Twende, mvivu we!" Kisha akainama mbele ya Sultani.

"Bwana wangu, nimeteka mtumwa ng'ambo ya mto. Si mateka wa kujivunia. Anakula sana, anakoroma, na kazi haimjui. Lakini nimemteka kwa mkono wangu, na wenzangu hawa vivyo hivyo."

Rubeya akapaza sauti, "Huyu si mtu, ni mali yangu!"

"Kweli, bwana," akajibu Feruzi. "Basi mali hii imefikaje huku? Atajwe askari aliyeniteka, nimfuate. Vita vyote hivi, Sultani wangu, hakuna hata mmoja aliyejisumbua kunichukua. Nilingoja hata nikaona haya. Ikanibidi nijichukue."

Kadhi akashika ndevu zake, akasema kwamba kiapo kilimtaja mtu ye yote, na kiapo hakivunjwi. Lakini Hamduni akaukumbuka mtama, akatafuta pa kupenyea.

"Vyema," akasema. "Humusi yangu naitaka sasa hivi, kwa kila mmoja wenu. Sitaki fedha wala kazi, nataka sehemu ya tano ya mateka wenyewe. Asiyeitoa atarudi kwa Rubeya kabla ya adhuhuri."

Zafarani akamshika mumewe mkono. Feruzi pia aliogopa, wala hakuficha. Hata hivyo akajizunguka na kujipapasa kama mnunuzi aliye sokoni.

"Kichwa sikupi, Bwana wangu. Hakina kitu, itakuwa matusi. Miguu imepinda. Mikono, mwulize Bwana Rubeya, atakulilia. Kitu kizima nilicho nacho ni tumbo. Halijapata kuugua, wala kukataa chakula. Humusi yako ndiyo hii. Mimi nitakubebea tu, bila ujira."

Na wenzake wote wakatokeza matumbo yao.

"Ila tangu sasa," akaendelea Feruzi, "matumbo haya ni ya Sultani, na nani ataruhusu tumbo la Sultani lilale njaa? Hayajala tangu jana. Sikiliza, Bwana wangu, lako hili linanguruma. Naona haya kulinyamazisha, maana si langu."

Mtunza ghala wa Sultani aliyasikia hayo, uso ukamsawijika. Hamduni akajizuia, akauma ncha ya kilemba, kisha akaangua kicheko hata joho likamteleza mabegani.

"Nimewaachia humusi yangu!" akasema. "Chukueni matumbo yenu kabla hayajanifilisi! Kadhi, shuhudia kwamba kila mmoja wa hawa, mwanamume na mwanamke, ni mali yake mwenyewe, wala hauzwi na mtu. Na leo wale kwangu."

Feruzi akashukuru huku akilia mbele ya baraza zima. Zafarani akamvua kamba shingoni. "Pole, mume wangu," akamwambia. "Umepata bwana mvivu."

Rubeya akapanda machela yake kwa hasira, akaamuru aondolewe mahali pale. Wachukuzi wake, nao pia watumwa, walikuja chini ya kitambaa cheupe, nao waliiheshimu amani ile. Wakambeba kwa adabu, wakamvusha mto, wakamtua upande wake, mahali pakavu, wasimlowanishe hata kiatu. Kisha kila mmoja akajikamata shingo, wakarudi mtoni, wakamwacha tajiri ameketi ndani ya machela akiita watu waje wambebe.