Maganda ya Sultani

Palikuwa na Sultani mmoja, jina lake Mzale, aliyedai nyanya za watu kwa sababu ya maganda yake ya ndizi.

Ilikuwa hivi. Takataka za jikoni kwake zilitupwa mtaa wa Jaani, nyuma ya ukuta wa jumba. Vijana wa mtaa walipochoshwa na harufu, walizichanganya na samadi ya mbuzi wao, wakaziacha zioze, wakapanda nyanya, bamia na mchicha. Fundi rangi mmoja akawafundisha kuchora, wakaupamba ukuta wote. Jioni walibishana juu ya haki: nani amelima, nani ale kwanza. Walibishana mpaka majirani wakalalamika. Ndipo wakaweka kanuni: hakuna kudai kitalu kabla ya kuchora mpaka wake kwa chokaa.

Mavuno yaliingia kwenye chungu cha mtaa, na asiye na kitu nyumbani alikula humo. Isipokuwa kikapu cha kwanza. Hicho kilichukuliwa na askari, kikaliwa na Sultani. Wakakiita ada.

Siku moja Sultani akadai bustani nzima. Vijana wakaitwa barazani. Akasimama Siwatu, msichana wa miaka kumi na tano ambaye hata wauza samaki walimwogopa kwa maneno. Mkononi alikuwa na kopo la chokaa na brashi.

"Nyanya zimeota wapi?" Sultani akauliza.

"Kwenye takataka, Maulana."

"Takataka za nani?"

"Zako."

"Basi hizo ni maganda yangu yaliyobadili nguo. Kadhi, sema!"

Kadhi Shekue alikuwa amealikwa chakula cha mchana hapo hapo. Akasema, "Mali ya mtu ni yake, hata ikigeuka umbo."

"Hata ikiingia ndani ya kitu kingine, Sheikh?" Siwatu akauliza.

"Hata humo."

"Na hicho kitu kingine?"

"Kinamfuata mwenye mali. Nimehukumu."

"Kwa hiyo bamia ni za Maulana?"

"Zangu," akasema Sultani.

"Na mchicha?"

"Wangu."

"Na viwavi walio kwenye mchicha?"

Sultani akafikiri kidogo. "Na viwavi."

"Hongera, Maulana. Sisi tumeridhika na hukumu."

Akachovya brashi, akapanda ngazi za kiti cha enzi, akamchora Sultani mstari mweupe juu ya kanzu, kutoka kifuani hadi chini ya kitovu. Askari wakashika panga zao.

"Unafanya nini, we mtoto?"

"Naweka mpaka. Samadi yetu iliingia kwenye mchicha, na vikapu vya kwanza vyote vimeingia humu. Mchicha umegeuka umbo, umekuwa tumbo. Na kitu kingine kinamfuata mwenye mali. Usipumue, Maulana, mstari unapinda."

"Kadhi!"

Kadhi akatazama dari.

"Kushoto tutaita kitalu cha bamia," Siwatu akaendelea. "Kulia ni mchicha. Wenzangu wako nje na majembe. Leo zamu ya kupalilia ni ya Mbwera. Mkono wake mzito kidogo, lakini ana nia njema."

"Kadhi, futa hukumu!"

"Imefutwa, Maulana. Ilifutika yenyewe."

"Bustani ni yenu!" Sultani akapiga kelele, ameshika tumbo kwa mikono miwili. "Nyanya zenu, viwavi wenu, na kikapu cha ada kaeni nacho! Niachieni tumbo langu!"

Siwatu akarudisha brashi kwenye kopo.

"Baki nalo, Maulana. Tumelilisha kila mavuno, na halijatoa hata jani."