Vyombo vya Watu Ukumbini

Ndugu zangu, na kina mama mlio nyuma ya pazia, Shaabani inakwenda ukingoni. Nimekuja hapa kwa miguu, na njia nzima nimekula vumbi la mikeka inayokung'utwa. Alhamdulillahi. Kuukaribia mwezi mtukufu tukiwa wazima ni neema, na kuusafishia nyumba ni adabu. Basi leo tuzungumze habari hiyohiyo ya kusafisha nyumba. Nina mfano mfupi. Aliyeacha maharage jikoni asitazame mlango.

Alikuwepo mama mmoja katika mji kama huu wetu. Jina lake halina kazi hapa, msije mkaanza kugeuziana shingo. Mumewe alikuwa fundi cherehani. Siku moja yuko barazani anashona, kiharusi kikampiga upande wa kulia. Wiki tatu hospitali. Mola akamrehemu, ulimi ukarudi, mkono ukarudi, akili ikarudi, ila mguu ukakataa. Madaktari wakasema Alhamisi arudi nyumbani, na ndugu wakachangishana wakampatia kiti cha magurudumu. Mpaka hapo ni shukrani tupu.

Sasa nyumba yao ni kama hizi zetu. Unaingia mlango mkubwa, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na mwisho wa ukumbi ni mlango wa uani. Msala, yaani choo, uko uani. Na ukumbi ule, ndugu zangu, haukuwa ukipitika. Kulikuwa na televisheni ya chogo iliyokufa zamani, vigoda vya miguu miwili, magunia ya vipande vya vitambaa, ndoo zilizopasuka zinazongoja mtu wa kuziziba. Na kando ya ukuta kulikuwa na meza mbili za vyombo vilivyopangwa mpaka usawa wa kifua. Mtu mwenye miguu yake alipita kwa ubavu. Je, kiti cha magurudumu nacho kingepita kwa ubavu? Maana yake mwanamume yule, aliyewashonea watu kanzu za harusi, kila akitaka kwenda haja ingebidi majirani waitwe, wambebe mzobemzobe. Mama alilifikiria jambo hilo akashindwa kula. Alimjua mumewe. Angeacha kunywa maji kuliko kubebwa.

Akampigia binti yake aliyeolewa mji wa mbali. Siku hizi elimu ya kupunguza vitu iko kwenye simu, na binti alikuwa ameisoma yote. Akamwambia mama yake jambo lenyewe ni jepesi: shika kitu kimoja kimoja, usikionee huruma, jiulize kama unakitumia. Kama mwaka umepita hujakigusa, kitoke. Na ni njia nzuri, msiibeze. Jumatatu moja tu ilitoka televisheni, vikatoka vigoda, zikatoka ndoo, na magunia matatu akapewa mshona magodoro akashukuru. Mama akaona sakafu ya ukumbi wake, akasema kumbe ilikuwa nyekundu.

Jumanne akafika kwenye vyombo. Akashika bakuli. Unalitumia? Hapana. Akalitia kwenye gunia la kwenda kwa wanunua vyombo chakavu. Akashika sahani. Unaitumia? Hapana. Ikaingia. Ya tatu ikamteleza ikaanguka kifudifudi, na chini yake ilikuwa na nukta mbili za rangi ya kucha. Kina mama wanacheka, wanajua nukta hizo ni za nini. Kwenye shughuli vyombo huchanganyikana, kwa hiyo kila mwanamke hukitia chake alama. Na yeye kucha zake hazijawahi kuona rangi. Akapindua nyingine, ina herufi zilizokwaruzwa kwa msumari. Akalitoa bakuli guniani, lina rangi ya kijani chini. Alipomaliza meza zote mbili alikuwa na vyombo kumi na tisa, na hakuna hata kimoja kilichokuwa chake.

Akakaa sakafuni katikati ya vyombo vile, na kila kimoja alikikumbuka. Hiki kililetwa na uji alipojifungua. Hiki kilikuja na wali siku mama yake mzazi alipozikwa, na yeye hakumbuki hata ni mkono wa nani uliomtia tonge mdomoni. Vile vitatu ni vya futari, mwaka mumewe alipokosa kazi ya kushona na ndani hamna unga. Alikuwa akilalamika kwamba nyumba imejaa takataka, kumbe ilikuwa imejaa wema wa watu. Akalia, na kilio chake kilikuwa cha shukrani na cha aibu kwa pamoja.

Kwa nini hakuwa amevirudisha? Nyinyi mnajua. Kwetu chombo hakirudi kitupu. Mtu akikuletea chakula, chombo chake unakirudisha na kitu ndani, hata kama ni sukari kidogo. Mama yule alikuwa akingoja apate cha kutia. Mwezi ukapita, mwaka ukapita, na kadiri siku zilivyozidi ndivyo alivyoona lazima atie kitu kikubwa zaidi, mpaka akawa akikutana na wenye vyombo njiani anabadilisha njia.

Akampigia tena binti yake.

"Vyombo hivi si vyangu, mwanangu. Ni vya watu."

"Basi si ndiyo rahisi zaidi, mama? Virudishe."

"Vitupu?"

Binti naye kalelewa mtaa uleule, alijua uzito wa neno hilo. Akamwambia, "Mama, baba anarudi keshokutwa."

Basi mama akaviosha vyote, akavifunika kwa kanga, akatoka. Kila mlango aliomba radhi. Wengi walicheka, mmoja alikuwa ameshasahau kuwa ana bakuli kama lile, mwingine alimkalisha akamnywesha chai. Ikabaki hotipoti moja, ya bibi mjane wa nyumba ya nne, aliyeileta na tambi Ramadhani tatu nyuma. Mama akampa shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaiweka hotipoti mapajani mwa yule bibi.

"Nisamehe, bibi. Nilikuwa nangoja nipate cha kutia."

Yule bibi akaifungua, akaifunga.

"Mwanangu, mimi hotipoti ninayo hii moja. Kila Ramadhani nilikuwa nachagua nyumba moja ya kuipelekea futari. Tangu ije kwako sijapeleka kwa mtu. Ningepelekea nini?"

"Kwa nini hukuja kuichukua, bibi?"

"Ningekujaje? Nilisikia kwako hamna unga. Ungedhani nimekuja kutaka nijaziwe."

Mmesikia, waja wa Mwenyezi Mungu? Mmoja anaona haya kurudisha kitupu, mwingine anaona haya kukifuata, na katikati yao Ramadhani mbili zimepita, na kuna nyumba mbili ambazo hazikupata tambi. Nani walikuwemo humo? Mama yule hakuwajua, na hatawajua. Alidhani ameshika hotipoti. Kumbe alikuwa ameshika futari ya watu.

Alhamisi mumewe akarudi. Kiti kikaingia mlango mkubwa, kikapita ukumbini, ambamo meza nazo zilishatolewa, kikatokea uani, na aliyekisukuma ni yeye mwenyewe kwa mikono yake. Alhamdulillahi. Mnataka niwaambie kuwa na ile hotipoti ilianza tena safari zake? Hilo sikuambiwa.

Sasa tuje kwetu sisi. Binti alimfundisha mama yake aulize, "Unakitumia?" Swali zuri. Lakini mimi nawaomba mkifika nyumbani mwanze na hili: "Hiki ni cha nani?" Geuzeni vyombo. Mtashangaa nyumba itakavyopata nafasi. Na msiishie jikoni. Ni wangapi tumetendewa wema tukanyamaza, kwa sababu tunangoja tupate cha kulipia? Mwalimu aliyekufundisha, unangoja uwe nani ndiyo uende kumwambia ahsante? Jirani aliyekaa na mgonjwa wako, unabadilisha njia mpaka lini? Hata Mola wetu tunamfanyia hivyohivyo. Tunasema nikitulia nitamshukuru, nikijaliwa nitamshukuru. Umekuja na pumzi zake, unangoja ujaliwe nini tena? Mila ya kutorudisha kitupu ni nzuri kwa aliye nacho. Asiye nacho arudishe kitupu, kisafi, na aseme ahsante kwa mdomo wake. Aliyekupa hakukupa ili ujaze. Alikupa ili ule.

Nami nisiwe kinyozi asiyejinyoa. Nyumbani kwangu kuna sinia. Lilikuja na pilau siku mke wangu alipojifungua mtoto wetu wa mwisho, na mtoto huyo sasa yuko darasa la pili. Mwenye sinia amekaa safu ya tatu, karibu na nguzo, na anajua kuwa namsema yeye. Ndugu yangu, ahsante. Pilau ile tuliila siku mbili. Tukitoka hapa twende pamoja ukalichukue, na ndani yake hamna kitu.