Pimbi, Tembo na Kilele Kilicho Karibu na Jua

Hapo zamani za kale, wakati hata bibi yangu hajaota meno, Tembo alitoka tambarare akaja mlimani, akaketi puu! katikati ya mfereji. Maji yote yakawa yake.

Kule chini watoto wa Pimbi wakakaukwa na ndimi. Yule mdogo hakuwa hata na chozi la kulilia.

Pimbi, mnyama mwenyewe hazidi sungura, akaenda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Maji hakuna."

"Sikuja kuomba. Nakuonea huruma. Wajua desturi ya huku: anayechomeka isale, lile jani letu la mpaka, kwenye chimbuko, maji ni yake. Chimbuko liko kileleni. Wewe umekalia mkia tu."

"Basi tushindane! Atakayelichomeka kwanza, mwenzake asibishe." Tembo akajifunga blanketi lake zito.

"Ala! Blanketi la nini? Kileleni si ndiko karibu na jua?"

Tembo akatazama juu. Kweli, jua limekaa pale pale kileleni.

"Ehee! Nusura niive kama ndizi ya kuchoma!" Akalitupa. Mwili alipewa, akili alipunjwa.

Wakapanda. Migombani, jasho chururu. Msituni, ukungu na manyunyu, ndo, ndo, ndo.

"Mbona kumepoa?"

"Hujalifikia jua, mzee. Panda!"

Miti ikaisha, vikaja vichaka vifupi. Navyo vikaisha, yakabaki mawe na upepo, vuuu! Mbele barafu tupu, nyeupe pee.

Tembo akatetemeka mpaka masikio yakapigana makofi.

"Pimbi! Jua hili hapa, mbona naganda?"

"Ndivyo mlima ulivyo. Ukizidi kupanda, hewa inazidi kuwa nyepesi, na hewa nyepesi haishiki joto."

"Umenidanganya!"

"Mimi niliuliza tu. Jibu ulilitoa mwenyewe."

Tembo akageuka, akateleza kwa makalio, poromo poromo, hadi migombani. Pimbi, na manyoya yake mazito, akachomeka isale pale barafu inapodondosha tone la kwanza.

Aliporudi, wanyama wadogo walikuwa mferejini wanakunywa, funda kwa funda. Watoto wake walikunywa mpaka matumbo yakawa ngoma.

"Ahsante, Pimbi! Kilele tukiite jina lako!"

"Jina langu? Kwani mimi ndiye ninayeyeyuka? Maji mmepewa na ile barafu na ule msitu wa ukungu. Ushukuruni mlima."

Wakaushukuru, wote, wameuelekea. Kilele wakakiita Mnyweshaji.

Tembo alikuwa amesimama pembeni, koo limemkauka.

"Na mimi je?"

"Kunywa, mzee. Kunywa ushibe. Ila usikalie."

Basi wajukuu, maji ya mlima ni ya kunywa na kushukuru, si ya kukalia.